Wakili na Makofi ya Salgaa

Wakili alisoma mikataba kutoka nyuma. Ungempa karatasi yoyote yenye sahihi mbili, iwe ya kukodisha nyumba, ya kununua pikipiki au ya serikali kukopa ng'ambo, angelowesha kidole, afungue ukurasa wa mwisho, kisha aanze kupanda taratibu kuelekea mwanzo. "Mbele ni salamu tu," alikuwa akisema. "Nyuma ndiko wameandika mkigombana mtaenda kwa nani."

Mtaa wetu wote wa Free Area ulimwita Wakili, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaingia huko. Mwenyewe aliulizwa mara moja na mgeni wa mtaa akajibu kwamba hiyo si kesi iliyo mbele yetu. Tulikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi. Ofisi yake ilikuwa mjini Nakuru, orofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo wateja wake walimfikia wakiwa wananuka dawa ya kupe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, na hilo ndilo lililonifanya nimjue kuliko wengine. Kila alipotaka kumweleza mtu wa kawaida jambo lililoandikwa kwa Kiingereza cha mabenki makubwa, alikuja kugonga mlango wangu na kuuliza, "Mwalimu, hili tutalisemaje ili mtu alielewe bila kulala?"

Ugonjwa wake huo wa kusoma mambo ya nyuma ulimfuata kila mahali. Kwenye harusi ya binti wa jirani aliichukua risiti ya waliokodisha hema, akaisoma huku maharusi wakiingia, akamnong'oneza baba wa bibi harusi kwamba mvua ikinyesha na hema lianguke, lawama ni yake. Baba yule hakufurahia keki. Vijana wa bodaboda pale stejini walimjua pia, na walimchokoza makusudi.

"Niaje Wakili! Leo nimekopa na simu, usiniulize."

"Umesoma masharti?"

"Nani husoma hizo, mzee? Unabonyeza 'nakubali', unasonga."

Wakili aliomba simu, akavaa miwani, akashuka mpaka mwisho wa masharti yale marefu. "Hapa umekubali kwamba mkikosana, kesi itasikizwa nchi ambayo hujawahi kuiona hata kwa ramani."

"Sasa nitaenda huko aje na sina hata pasipoti?"

"Hilo ndilo swali!" Wakili alisema, akampiga kijana bega kana kwamba amepasi mtihani. "Ulijua hilo ndilo swali ambalo serikali yako haijawahi kuuliza?"

Vijana walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu sikuwa bado nimejua kwamba alikuwa anajizungumzia mwenyewe.

Kabla ya kurudi Nakuru, Wakili alifanya kazi katika ofisi ya sheria ya serikali jijini Nairobi, na alikuwa miongoni mwa wanasheria waliopelekwa ng'ambo kuzungumzia mikopo. Hadithi ya safari hizo aliisimulia kwa namna mbalimbali, kulingana na nani anamsikiliza na amekula nini. Ninayoiamini mimi ni ile aliyoisimulia akiwa na njaa. Walikaa katika chumba chenye baridi ya mashine, wao upande huu, wakopeshaji upande ule. Mkataba ulikuja umeshapigwa chapa. Wenzake wakaomba kifungu kimoja kibadilishwe, kile kilichosema kwamba mkopeshaji hawezi kushtakiwa katika mahakama ya Kenya. Mwanasheria wa upande ule, kijana mpole mwenye tai ya samawati, akawajibu kwa heshima kwamba kifungu hicho ni kimoja kwa nchi zote, na kwamba wenzao wote walishakubali. Wakaombwa waangalie kama jina la wizara limeandikwa sawasawa. Wakaangalia. Lilikuwa na kosa, likarekebishwa, na hayo ndiyo mabadiliko pekee waliyorudi nayo nyumbani.

"Nilikula chakula kizuri sana safari ile," alimalizia. "Samaki. Bado namkumbuka."

Hakuwa mtu wa kuchukia mikopo, na watu walimwelewa vibaya kwa hilo. Vijana wa siasa walimfuata wakidhani atawaandikia hotuba ya kuyatukana mabenki ya dunia, akawafukuza. Barabara inajengwa kwa mkopo, alisema, na yeye huipita. Alichotaka ni sheria. Alitaka mkataba usomwe bungeni kwa lugha ya watu kabla ya kutiwa sahihi. Alitaka mahakama za nyumbani ziruhusiwe kumsikiliza mtu aliyeumizwa na mradi, endapo mkopeshaji mwenyewe amekataa kumsikiliza. Na kuna jambo alilolirudia mpaka tukalichoka: kwamba mfanyabiashara wa Nakuru akifilisika, kuna jaji, kuna utaratibu, wadai wote huitwa pamoja na mtu huachiwa angalau kitanda, lakini nchi ikifilisika hakuna jaji, inazunguka kwa mdai mmoja mmoja ikibembeleza, na kila mdai anaweka masharti yake. Hilo lilimuuma kwelikweli. Akilizungumza, sauti ilipanda, na ungeweza kuona kwamba hakuwa anajionyesha.

Mtu aliyemwelewa upesi kuliko wote alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa na hoteli Salgaa, pale matrela yanapojipanga kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret. Ilikuwa ya mabati, meza nne, na masufuria makubwa kuliko jiko. Chapati na matumbo. Madereva waliokuwa wanatoka Mombasa kuelekea mpakani walilenga saa zao ili wafike kwake wakiwa na njaa. Wakili naye alikuwa na shamba Elburgon, kando ya msitu wa Mau, na kila Ijumaa alienda huko. Njia ya kupitia Njoro ndiyo fupi, mtoto mdogo anajua. Yeye alipitia Salgaa, akazunguka mpaka Molo, eti gari lake linapenda lami nzuri. Gari lilipenda matumbo ya mama.

Siku moja nikiwepo, alijaribu kumweleza jinsi kura zinavyopigwa katika yale mashirika makubwa ya fedha.

"Mama Njeri, wewe uko kwa chama cha akiba?"

"Niko kwa mbili."

"Sasa chukua chama ambacho mwanachama aliyeweka pesa nyingi zaidi ana kura nyingi zaidi. Yule anayekopa kila mara, ambaye masharti yanamhusu, ana kura chache kabisa. Na mwenyekiti lazima atoke kwa wale wenye nyingi."

Mama aliendelea kusukuma chapati. "Chama kama hiyo mimi natoka."

"Ukitoka, mtoto akiugua utakopa wapi?"

Mama alisimamisha mkono. Akachukua sahani ya Wakili, akaijaza matumbo. Baada ya kumpakulia, mama aliniambia kando, "Huyu mzee wako ana akili. Lakini mbona huwa anauliza swali kama ameshajua jibu?"

Lilikuwa jambo la kweli, na nadhani ndilo lililokuwa kasoro yake kubwa. Mtu huyu aliyetaka nchi ndogo zipewe sauti duniani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa mtaa wetu, na kwa muda wote niliomjua hakukuwa na uchaguzi hata mmoja. Tukimuuliza, alisema uchaguzi ni gharama na utaleta chuki. Geti la mtaa aliliweka upande wa kwake bila kuuliza mtu, ikawa akina mama wanaotoka sokoni wanazunguka na mizigo kichwani. Alipoelezwa, alitoa sababu tano nzuri za usalama, zote za kweli, na geti likabaki pale pale. Nilimtania kwamba ana kinga ya kutoshtakiwa. Alicheka mpaka akakohoa, lakini geti hakulihamisha.

Alikuwa na mapenzi ya ajabu kwa wapinzani wake. Yeye na yule kijana wa tai ya samawati walikuja kuandikiana kwa miaka, wakitumiana salamu za sikukuu. Alivaa koti la suti juu ya sweta aliyofumiwa na marehemu mkewe, hata Januari, wakati vumbi la Nakuru limepanda mpaka kwenye meno. Hakuwahi kumtoza mjane. Wakati huo huo alikuwa akimfokea karani wake mpaka waliokuwa dukani chini wakasikia, na Jumatatu akamletea kabichi kutoka Elburgon bila kuomba msamaha kwa maneno.

Kisha ikaja habari ya kupanua barabara.

Mradi ulikuwa wa serikali, na fedha zilitoka kwa mmoja wa wale wakopeshaji wakubwa wa ng'ambo. Wakati mambo yakiwa bado mbali, chifu aliitisha baraza Salgaa, akasema wageni wa mradi watakuja kusikia maoni ya wananchi. Wageni walikuja, wakafika wamechelewa kwa sababu ya msongamano wa magari. Nani asiyejua jinsi wageni wanavyopokewa huku kwetu? Akina mama waliimba. Mbuzi alichinjwa. Wageni wakakalishwa kwenye viti vya kanisa, wakapewa chai, kisha wali. Hata mwenye jambo zito moyoni hawezi kumtwika mgeni mzigo wa malalamiko kabla hajanawa mikono; ungeonekana hukulelewa. Wakamaliza kula, wakaeleza mradi wao kwa ufupi, wakasema jioni inaingia na wana safari. Chifu akauliza kama kuna swali. Akauliza pia nani atatoa shukrani kwa niaba ya wafanyabiashara, na watu wakamsukuma mama yangu mbele. Mama akasimama akasema, "Tumefurahi sana kuwaona. Karibuni tena na tena, hapa ni kwenu." Watu wakapiga makofi ya kilo, yale ya kupangwa kwa mpigo, na wageni wakaingia magarini wakipunga mikono.

Alama nyekundu za X, za kubomolewa, zilipakwa kwenye mabati muda si mrefu baadaye. Ya mama ilikuwa kubwa, mlangoni. Kila hoteli upande ule ilikuwa imejengwa juu ya ardhi ya barabara, kwa hivyo kisheria hakuna aliyekuwa na haki ya kulipwa chochote. Mama hakulia. Aliosha masufuria yote, hata yale safi, akayapanga, akakaa chini. Hoteli ile ndiyo iliyonisomesha. Nilipomwona amekaa hivyo mchana, madereva wakiingia na kutoka bila kusalimiwa, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Nilimwendea Wakili. Hakunipa pole. Alitafuta mkataba wa mkopo wenyewe kwenye tovuti ya mkopeshaji, akaufungua, na bila shaka akaanza nyuma. "Kortini Nakuru tusiende," alisema. "Taasisi hii haishtakiwi. Jaji atatuambia mikono yake imefungwa, na atakuwa anasema kweli." Akapanda kurasa, akashuka tena. "Lakini wana kanuni zao wenyewe, na serikali imeahidi kwenye mkataba kuzifuata. Zinasema mtu akiondolewa mahali anapopatia riziki, hata kama hana hati, asaidiwe kupata riziki tena. Na kwamba aulizwe kwanza. Na wana jopo la malalamiko. Ni mlango mdogo, Mwalimu. Wa uani. Lakini ni mlango."

Kisha tukaipata taarifa ya mradi. Nilimtafsiria mama, nikiwa nimekaa naye jikoni kwake. Ilisema kwamba wananchi wa Salgaa waliulizwa maoni, hawakuwa na pingamizi, na walipokea mradi kwa shangwe. Mwakilishi wa wafanyabiashara alitoa shukrani na kuwaalika warudi.

"Mwakilishi ni nani?" mama aliuliza.

"Ni wewe."

Alinigeukia. "Lakini mimi nilikuwa nawakaribisha tu! Si ni wageni? Ungetaka nifanye nini, niwafukuze?" Sasa ndipo alipolia. Hakulilia mabati, alikuwa analia kwa sababu wenzake wangesema ni yeye aliyewauza, na wawili watatu walikuwa wameshaanza kusema.

Wakili aliandika malalamiko yale kwa wiki nyingi. Nimesoma mambo mengi maishani, na sijasoma kitu kizuri kama kurasa zake kuhusu makofi. Aliwaeleza watu wa jopo, ambao hawajawahi kukanyaga Salgaa, kwamba mwananchi akimpigia mgeni makofi anamshukuru kwa kuja, na hajakubali kitu. Kwamba anayetaka kujua maoni ya watu hawa hafiki jioni, hali wali, halafu akaangalia saa. Kwamba kama kanuni yao inasema watu waulizwe, basi swali lazima liulizwe mahali na kwa namna ambayo neno 'hapana' linaweza kusemwa bila mtu kuonekana hana adabu. Jopo liliwapigia akina mama simu mmoja mmoja, mimi nikitafsiri. Likakubaliana na Wakili. Likasema wananchi hawakuulizwa inavyostahili, na kwamba hakuna bati litakaloguswa mpaka waulizwe upya.

Mjini ikawa sifa. Mawakili vijana walipanda ngazi za dawa ya kupe kuja kumsalimia. Nilijivunia kuwa jirani yake, na nilisema hivyo kwa kila aliyenisikiliza.

Kabla ya mkutano huo mpya, mwili ukamwangusha. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakawa yanatoka polepole, na wanawe wakamhamishia shambani Elburgon. Mimi na mama tulienda kumwona Jumapili moja, tukapitia Njoro.

Tulimkuta sebuleni karibu na moto, na nje malori ya mbao yalikuwa yanapita. Amekonda, lakini sweta ni ile ile. Alifurahi waziwazi. Kwenye mapaja alikuwa na karatasi ambazo bintiye alimwandikia kwa kusemewa. Ilikuwa hotuba ya mama, ya kusoma mbele ya wageni katika mkutano ule mpya, Alhamisi.

"Mwalimu, msomee," alisema.

Nilisoma. Ilikuwa na kila kitu alichokiamini: kinga ya wakopeshaji, kura zinazofuata mali, mikataba inayofichwa, haki ya nchi ndogo kusikizwa. Nilikaribia kutokwa na machozi. Nilipomaliza, mama aliweka kikombe chini.

"Wakili, imeandikwa vizuri sana. Nikisoma hii, watu watapiga makofi."

Wakili akatabasamu kwa upande wa mdomo uliobaki mzima.

"Lakini hata wewe hukutuuliza," mama akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema jinsi anavyomwambia dereva kwamba chapati zimekwisha. Niliona aibu, nikamkasirikia, nikataka kulifunika jambo kwa habari nyingine. Wakili aliinua mkono wake wa kushoto kunizuia. Nje lori likapita, likapita la pili.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Sikuwauliza. Mnataka nini, Mama Njeri?"

"Watu wa mradi wanasema watatujengea soko huko ndani, karibu na shule. Soko safi, iko na choo, iko na stima. Wewe pia, kwa yale malalamiko, uliandika wajenge hiyo soko. Sasa dereva wa trela ataingia huko na trela? Yeye husimama penye anaweza kuegesha na aone moshi. Sisi tunataka penye trela inasimama. Hata ikiwa ni mabati tu, hata tusogee nyuma ya hiyo barabara yao mpya."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Wakili alinitazama mimi, si mama. Sijui alitaka nimsaidie au nimshuhudie. "Kurasa zote zile," alisema, "na hilo halimo." Akachukua karatasi zile kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuzikunja, zikamshinda, akaniachia. Nikauliza kama niandike upya aliyoyasema mama. Akatikisa kichwa. "Usiandike. Atasema mwenyewe."

Tulikula kabichi na nyama, tukaongea mambo ya shamba. Tulipoinuka kuondoka alimshika mama mkono kwa muda mrefu, akamwita dada, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimwita mtu.

Alifariki kabla ya vibanda vya mabati kujengwa nyuma ya maegesho ya matrela, mahali ambapo vipo sasa. Lakini kwenye mkutano wa Alhamisi alikuwepo, kwa namna yake. Bintiye alimshikia simu sikioni Elburgon, nami Salgaa nikaiweka yangu juu ya benchi la mbele, sauti imefunguliwa. Wageni waliketi. Akina mama walikuwa wameshaandaa birika. Chifu aliposimama kusema wageni wetu wapewe chai kwanza, mama alikuwa ameshasimama kusema wanachotaka.